Wara ya Wayoruba ndani ya kifumbu cha Tanga: Bi Mkubwa anawajibu

Toleo lililopita nikimjibu mama mmoja aliyekuwa analalamika maziwa yake yanakatika kila akiyabandika jikoni, niliropoka sentensi moja tu, kwamba jirani yangu hapa Chumbageni ni Myoruba wa Ilorin kule Nigeria, kaolewa na kijana wetu wa Tanga, na yeye maziwa yakimzidi hamwagi hata tone, anapika wara, jibini la kwao. Sentensi moja jamani! Tangu hapo meseji zinaingia kama mvua ya masika, wengine wanauliza vizuri, wengine wanataka niwape namba ya jirani (simpi mtu), na kuna mmoja kaniandikia, "Bi Mkubwa, siku hizi unakula chizi au umekuwa chizi?" Nimecheka peke yangu jikoni kama chizi kweli. Haya, mwezi huu nafasi yote ni ya wara, wale wa vitumbua na wale wa kesi za mawifi nivumilieni mpaka toleo lijalo.

Shikamoo Bi Mkubwa. Binti yangu kanionyesha klipu kwenye simu, wanawake wa Nigeria wanakaanga vipande vyeupe kama mihogo halafu wanakula na pilipili, anasema ndo hiyo wara. Ni chizi lile lile la kwenye piza? Na mbona mafuta yamechemka vile haliyeyuki? – Mama Watatu, Mikanjuni

Marahaba mama. Ni jibini ndio, ila na lile la piza hata salamu hawapeani. Kiyoruba wara maana yake ni maziwa, jirani anasema hata Biblia yao pale penye nchi ya maziwa na asali neno ni hilo hilo, na jibini lenyewe kwa jina kamili ni warankasi ila mtaani nani ana muda wa kutamka yote hayo, wanakata wanasema wara basi. Ukivuka mpaka kwenda Benin utalikuta linaitwa wagashi na mara nyingi lina ngozi nyekundu kwa nje, wanalichemsha na yale maganda yanayokumbatia bua la mtama, ule mtama wenye rangi, linatoka kama limepakwa hina.

Sasa kitu nilichokipenda mimi ni kwamba Wayoruba ndio walaji na wapishi wa kulikaanga, lakini wanaoligandisha toka zamani ni wanawake wa Kifulani, wale wafugaji wanaozunguka na ng'ombe. Mwanaume anachunga, mwanamke anakamua, anagandisha, anajitwika beseni kichwani anaingia nalo mjini, vipande vinaelea ndani ya maji yake. Na sababu ya kugawana kazi hivo si uvivu wa Wayoruba, ni mbung'o. Kusini kwao misitu imejaa mbung'o, ng'ombe hawadumu, ndo maana maziwa mengi yako upande wa kaskazini penye nyasi, Ilorin na Oyo huko. Sisi wa Tanga mbung'o tunahitaji kuhadithiwa? Mji huu huu ndo ulikuwa unafuga mbung'o kwa maelfu kwenye kituo cha utafiti, madume yanapigwa mionzi yasizalishe, yanapakiwa kwenye ndege yanaenda kumwagwa Unguja mpaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o tena. Kwaiyo mama ukiuma kipande cha wara jua kuna habari ya nzi nyuma yake, samahani kama unakula sasa hivi.

La kutokuyeyuka. Jibini la piza linagandishwa kwenye maziwa ya uvuguvugu, halafu linaachwa likomae, likipata moto linalegea na kuvutika. Wara inapikwa, moto unapanda karibu na kuchemka kabisa, kwaiyo zile protini zote za maziwa zinashikana pamoja na moto zimeshauzoea. Ukiitia kwenye mafuta inafanya kama yai lililochemshwa, linabadilika rangi kwa nje ila ndani linabaki lile lile. Panir ya Wahindi iko hivo hivo, waliowahi kula sherehe ya Kihindi pale mjini mnajua nasema nini.

Na kama hata panir hujawahi kuonja, basi dang'a umewahi. Ng'ombe akizaa, yale maziwa ya siku za mwanzo ukiyabandika jikoni yanaganda yenyewe bila kutiwa kitu, yanakuwa kama yai la mvuke. Nikiwa mdogo kwa bibi Muheza tulikuwa tunagombania sufuria. Siku jirani aliponiletea wara kwenye bakuli nilitia kipande kimoja mdomoni nikamwambia we, hii ni dang'a iliyokwenda shule.

Bi Mkubwa mambo vipi. Mimi nina ng'ombe wanne, maziwa ya asubuhi yanachukuliwa ila ya jioni hasa masika yanabaki, majirani nao wana ya kwao, nikigandisha mtindi nao unajaa mpaka unachachuka. Hebu nipe hiyo wara mwanzo mwisho na usifiche kitu. – Kijana wa Pongwe

Poa, ingawa kwa umri wangu ulitakiwa uanze na shikamoo, nimekusamehe kwa sababu una ng'ombe.

Mwanangu wewe ndo mtu hasa niliyekuwa namtafuta. Mji wetu huu una maziwa, una Tanga Fresh, una chuo cha mifugo pale Buhuri, una vyama vya wafugaji mpaka vijijini, lakini ukitaja jibini watu wanafikiria Lushoto kule Irente kwenye baridi au dukani kwa bei ya kukatisha tamaa. Wakati wale Wafulani wanalipika chini ya mti, joto kuliko la kwetu, hamna friji, hamna umeme. Lilibuniwa kwa ajili ya mtu kama wewe mwenye maziwa ya jioni na asiye na pa kuyapeleka.

Chukua lita 5 za maziwa ya siku hiyo hiyo, yasiwe yamelala. Chuja kwa kitambaa safi. Bandika kwenye sufuria nzito, moto wa wastani, koroga chini chini yasishike maana yakishika harufu ya kuungua haitoki hata ufanyeje. Yaache yachemke kweli kweli, yapande, usifanye haraka hapa, maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kuwa na vimelea vya kifua kikuu na ile homa ya brusela inayokwenda na kurudi mpaka mtu anameza dawa za malaria mwaka mzima bure. Moto ndo kinga yako. Yakishachemka epua au punguza moto kabisa, subiri dakika tatu nne yatulie.

Huku pembeni ushakamua malimau. Kadiria vijiko 2 vikubwa vya maji ya limau kwa kila lita, kwaiyo lita 5 ni kama vijiko 10, changanya na maji kiasi hicho hicho ili ukali usipige sehemu moja. Siki pia inafaa kwa kipimo hicho hicho. Sasa mimina kidogo kidogo huku unapitisha mwiko taratibu, TARATIBU nimesema, kama unamgeuza mtoto aliyelala. Utaona maziwa yanajikata, mabonge meupe huku na maji ya kijani kijani ya njano huku. Maji yakishakuwa mang'avu acha kumimina hata kama limau limebaki, usimalizie eti kwa sababu umeshalikamua. Funika, ondoka, kaa dakika kumi.

Sasa hapo ndo Tanga inaingia. Wafulani wanachujia kwenye vikapu vidogo vya kusuka, na mimi nilikuwa nahangaika na kitambaa cha chandarua mpaka jirani akaangalia ukutani kwangu akauliza, "kile nini?" Kile ni kifumbu changu cha kukamulia tui! Ukili umesukwa, maji yanapita, mabonge yanabaki, na kinakupa umbo zuri la mviringo lenye alama za ukili. Tangu siku hiyo nina vifumbu viwili, kimoja cha nazi kimoja cha wara na ole wake atakayevichanganya. Kama huna kifumbu tumia kung'uto lenye kitambaa ndani. Mwagia humo, kusanya, kamua kiasi, weka juu yake sahani na jiwe safi au sufuria yenye maji. Ukitaka laini ya kula hivi hivi nusu saa inatosha, ukitaka ya kukaanga acha saa moja na nusu mpaka mbili iwe ngumu ya kukatika kwa kisu bila kumomonyoka.

Yale maji usimwage!! Yana kazi. Tia chumvi humo, kata wara vipande, rudisha vichemke dakika kumi na tano hivi. Hapo inakaza vizuri zaidi na inapata ladha maana ya mwanzo haina chumvi kabisa. Na humo humo ndani ya maji ndimo inamokaa mpaka iliwe. Kama huna friji chemsha upya kila siku, ile ndo njia ya wale kina mama wa Kifulani, na mwisho siku mbili tatu basi. Kwenye friji mimi sivuki siku nne. Ikianza utelezi au kunuka usijidanganye kwamba ni chizi la Kifaransa, mpe kaburi. Maji yakibaki kandia chapati au pikia uji, yana ukali kidogo ila chapati zinakuwa laini balaa.

Utapata kiasi gani? Lita 5 mimi hunipa kuanzia robo tatu ya kilo mpaka karibu kilo, inategemea umekamua vipi na ng'ombe gani. Wako kama ni wale weusi na weupe wa kisasa maziwa ni mengi ila mepesi, wa kienyeji anatoa kidogo ila yana mafuta zaidi na wara yake inajaa mkononi.

Nimejaribu nilivoona kwenye klipu nikaishia na chenga kama makombo ya mkate, ukigusa inamwagika. Maziwa lita 3 yamepotea, mume kanuna. – Wa Makorora

Pole mama, na mwambie mume hayajapotea, zile chenga zikaange na kitunguu, nyanya na bizari utakula kama mayai ya kuvuruga na hatojua.

Umekosea moja kati ya haya na mimi yote nimeyapitia. Umekoroga sana baada ya kutia limau, yale mabonge yakitaka kushikana wewe unayavunja. Au limau limezidi. Au maziwa yalishaanza kuchachuka kabla hayajafika jikoni, hayo yakipata moto yanajikatia yenyewe chenga ndogo ndogo na hamna unachoweza kuyafanya. Au umeyaacha yakaendelea kuchemka kwa fujo baada ya kukatika. Na la mwisho ambalo si kosa lako, maziwa yametiwa maji. Mara yangu ya kwanza nilinunua kwa kijana mmoja wa baiskeli, lita 4, nikapata kibonge cha kujaa kiganja, maji yamejaa ndoo. Nilidhani sijui kupika. Kumbe kijana kapita bombani kwanza. Wara haifichi kitu, ni kipimo cha uaminifu wa muuza maziwa.

Ya pakiti je? Yale ya kukaa miezi dukani bila friji bonge lake linakuwa dhaifu, usihangaike nayo. Ya pakiti ya kawaida ya kwenye friji yanakubali ila wara inakuwa laini zaidi, mpe muda mrefu chini ya jiwe.

Bi Mkubwa nimesoma kwamba Wanigeria hawatumii limau, wanatumia jani la mti fulani wenye maziwa. Huo mti nimeuona, uko njia ya kwenda ufukweni, majani manene ya kijivu, ukikata unatoa utomvu mweupe. Nichume? – Fundi, Mwahako

USICHUME. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa makusudi.

Ni kweli kabisa usemayo. Wara ya asili inagandishwa na mmea ambao Wayoruba wanauita bomubomu, kitaalamu Calotropis procera. Majani mapana manene yenye unga unga wa kijivu, maua meupe yenye zambarau, matunda ya kijani yaliyofura kama puto na ukiyapasua ndani ni upepo na sufi. Wanaponda majani machache na vikonyo, wanachanganya na maziwa kidogo ya vuguvugu, wanachuja, ndo wanamwagia kwenye sufuria iliyo motoni. Ndani ya utomvu kuna kimeng'enya kinachokata protini za maziwa, na uzuri wake kinavumilia moto, wakati kile cha tumbo la ndama kinachotumika viwandani ukikipandishia moto hivo kinakufa. Ndo maana wao wanaendelea kuchochea moto na maziwa yanazidi kuganda. Ladha inakuwa haina uchachu wa limau, ni tamu tamu ya maziwa tupu. Jirani ananiambia ya kwetu ya limau ni nzuri ila "si ya nyumbani" na akisema hivo anaangalia dirishani, mi nanyamaza.

Lakini mwanangu, utomvu huo huo una sumu ya moyo. Ukiingia jichoni unaweza kukuharibia macho. Wale wanawake wamefundishwa na mama zao, nao na mama zao, jani gani, kiasi gani, wachuje vipi. Wewe utafundishwa na nani, mimi? Na tatizo la pili ambalo linanitisha kuliko la kwanza ni kwamba huku kwetu miti yenye utomvu mweupe iko tele. Mnyaa uko kila ua, watu wanapandia mipaka ya viwanja, na kila mtoto aliyekulia Tanga anajua mnyaa ukiruka jichoni nini kinatokea. Mtu atasoma hapa "mti wenye maziwa" ataenda kukata wowote ule halafu ataniandikia kutoka Bombo wodini. Limau lipo, la bei nafuu, halijamuua mtu.

Na kabla hamjaniuliza (wawili mshauliza), utomvu wa papai bichi, ule tunaolainishia nyama, nao unagandisha maziwa kweli. Hauna ile sumu ya moyo. Ila wara inatoka chungu. Nilijaribu mwaka jana, hata paka kaikataa.

Assalaam aleikum. Nasikia chizi nyingi zinatiwa kitu cha tumboni kwa mnyama na hujui kachinjwaje. Hii wara hukmu yake vipi? – Baba wa Barabara ya 12

Waaleikum salaam warahmatullah. Hukmu waulize masheikh, mie wa sufuria. Ninachoweza kukwambia ni kilichomo. Ni kweli jibini nyingi za viwandani zinagandishwa na kimeng'enya cha tumbo la ndama, ingawa siku hizi kuna viwanda vingi vinatumia vya kutengeneza kutokana na vijidudu au mimea, soma pakiti. Wara haina mnyama mwingine zaidi ya ng'ombe aliyetoa maziwa. Ya kule ni jani, ya kwetu ni limau. Ilorin yenyewe ni mji wa Waislamu wengi na misikiti yake, wara inaliwa asubuhi mpaka usiku. Siki tu ndo angalia umenunua ipi kama una wasiwasi nayo, ukitumia limau umemaliza mjadala.

Mimi maziwa nikinywa tumbo linaunguruma kama lori la Hale. Wara nitaiweza? – Mwanafunzi, Mabawa

Huenda ukaiweza kidogo kuliko maziwa, maana ile sukari ya maziwa inayokusumbua nyingi inaondoka na yale maji. Haiishi yote lakini, na ukumbuke inakaa ndani ya maji yake, kwaiyo ya kwako kamua vizuri uikaange, anza na vipande viwili uone. Usianze siku ya mtihani.

Habari Bi Mkubwa, naona hii ni dili. Nipike niuze pale Mgandini? Maziwa kwangu napata lita moja kwa shilingi 1,500. – Mjasiriamali, Mabawa Juu

Nzuri. Dili ni dili ukishapiga hesabu, tuipige basi. Lita 10 ni shilingi 15,000. Ukipata kilo 2 (na hiyo ni ukiwa na maziwa mazuri na mkono mzuri) kila kilo imekula 7,500 ya maziwa peke yake, ukipata kilo moja na nusu imeshafika 10,000. Hujatia mkaa, malimau, chumvi, mifuko, na jasho lako. Kwaiyo kuuza kwa kilo kwa mtu wa Mgandini anayelinganisha na bei ya nyama utakaa na beseni lako mpaka magharibi. Wasichana wa Ilorin hawauzi kilo, wanauza kipande. Kata vipande, kaanga pale pale mbele ya mtu, tia kwenye kijiti kama mishkaki, pilipili na ukwaju pembeni, mpige bei ya kipande. Harufu itakufanyia matangazo. Mi ningeanza jioni, karibu na wanaouza mihogo ya kukaanga, ila usiwaharibie watu biashara, kaa nao vizuri.

Halafu faida kubwa iko kwa mwenye ng'ombe wake kama yule kijana wa Pongwe, maana yeye maziwa ya jioni yangemwagika, sio wewe unayenunua. Tafutaneni nyie wawili, mimi sio dalali ila nikisikia mmetajirika mniletee samli.

Ukitaka kwenda mbele, kufunga kwenye pakiti na kupeleka madukani, hapo mambo yanabadilika. Chakula cha pakiti unahitaji TBS, wale wa viwango, na biashara ya maziwa ina Bodi ya Maziwa yake ya kujisajili. Waone SIDO, wale wa viwanda vidogo, wakuelekeze kabla hujachapisha lebo elfu moja zenye picha yako. Na usiuze wara ya jana kama ya leo. Maziwa hayana siri, mtu mmoja akiharisha Mabawa mpaka Duga wameshajua.

Kuna wara ya soya? Mimi sili kitu cha ng'ombe. – Bila jina

Ipo, na kule ni maarufu sana kwa sababu ni rahisi kuliko ya ng'ombe. Soya inalowekwa usiku kucha, inasagwa, inachujwa kama unavokamua tui, tui lake linachemshwa vizuri halafu linatiwa limau au maji ya nafaka yaliyochachuka, linaganda, linakamuliwa, linakaangwa. Ni ndugu na ile tofu ya Wachina. Kuchemsha usikwepe, tui bichi la soya linavuruga tumbo. Ladha yake mimi naiona kama kunde iliyokasirika, ila na pilipili ya kutosha inapita.

Bi Mkubwa shikamoo. Nimeipika, imetoka safi kabisa, nyeupe, imekatika vizuri. Sasa imekaa kwenye bakuli naiangalia inaniangalia. Kwao inaliwa na nini, na sisi huku tuile na nini? Mzee wa nyumba yangu bila mchuzi hali. – Bi Harusi mpya, Raskazone

Marahaba mwanangu, na hongera, ndoa na wara kwa mkupuo.

Kwao kuna wanaoila hivi hivi kutoka kwenye maji yake, laini, kama kitafunio cha njiani. Kuna wanaoikaanga mpaka inakuwa ya dhahabu kwa nje, wananyunyizia chumvi na pilipili ya kusaga. Na wengine wanaitumbukiza kwenye mchuzi wa mboga za majani wenye pilipili nyekundu na mawese, inashika nafasi ya nyama au inakaa nayo pamoja. Hii ya mwisho ndo anayoipika jirani Ijumaa, na mume wake ambaye ni Mdigo wa kwetu kabisa aliyeapa hatokula "maziwa ya kutafuna" siku hizi anauliza imebaki?

Mzee wako mfanyie hivi. Kausha vipande kwa kitambaa kwanza, usipokausha mafuta yatakurukia usoni na wewe ni bi harusi. Kaanga kwenye mafuta ya moto, ya nazi kama unayo, geuza mpaka pande zote zipate rangi. Weka pembeni. Tengeneza mchuzi wako wa kawaida, kitunguu, nyanya, tangawizi, thomu, bizari, pilipili mbuzi nzima usiipasue, tia tui jepesi lichemke, halafu tui zito. Wara inaingia mwisho, dakika tano tu inywe mchuzi. Haitovunjika, haitoyeyuka, itakaa mle kama vipande vya nguru. Kamulia ukwaju kidogo maana tui na maziwa vikikutana bila uchachu vinachosha mdomo. Wali mweupe. Usimwambie ni nini mpaka amalize sahani.

Akiuliza samaki gani huyu hana miba, mwambie wa Ilorin.